Pumzi, Dhikri na Riziki: Mafundisho ya Buddha Yakitazamwa kutoka Mwambao wa Bagamoyo

Mafundisho ya Buddha huzungumzwa kwa Kiswahili mara chache, na yanapozungumzwa huchukuliwa ama kuwa dini ya mbali isiyomhusu mtu wa mwambao, ama kuwa dawa ya kisasa ya msongo wa mawazo iliyofika pwani pamoja na watalii na hoteli zao za ufukweni. Namna zote mbili zinaficha jambo la msingi, yaani kwamba mafundisho hayo ni njia ya kulea moyo na akili iliyokusudiwa kutumika siku zote, na kwamba watu wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo na Saadani, tayari wana njia zao za kulea moyo, zilizopitia majaribu makubwa ya historia. Swali linalostahili kuchambuliwa, basi, ni hili: mtu mwenye dini yake, kazi yake na jamaa zake anaweza kupokea nini kutoka kwa Buddha, kwa masharti gani, na ni wapi panapompasa kukataa?

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Buddha, yaani aliyeamka, aliishi na kufundisha kaskazini mwa Bara Hindi takribani karne ya 5 kabla ya Kristo. Kiini cha mafundisho yake ni kweli nne: kwamba maisha yameambatana na dukkha, hali inayojumuisha maumivu ya wazi kama ugonjwa na kufiwa pamoja na kule kutotosheka kunakomfuata mtu hata akishapata alichokitaka, kwamba dukkha huzaliwa na tanha, yaani kiu ya kupata, ya kushikilia na ya kukimbia yasiyopendeza, kwamba kiu hiyo inaweza kukoma, na kwamba ipo njia ya kuikomesha, inayoitwa njia ya sehemu nane. Wafafanuzi wa kale waliyakusanya mambo hayo manane katika mafungu matatu, ambayo ni maadili, malezi ya akili na hekima. Mpangilio huo una uzito kuliko unavyopewa siku hizi, kwa sababu taamuli, yaani zoezi la kutuliza na kuelekeza akili kwa makusudi, ni sehemu ya fungu moja tu, na fungu hilo limejengwa juu ya maadili: kusema kweli, kutodhuru, kutochukua cha mtu, kupata riziki kwa njia isiyomuumiza mwingine. Mchuuzi anayepunja mizani asubuhi kisha akaketi kimya jioni kufuatilia pumzi zake, kwa kipimo cha Buddha mwenyewe, bado hajaanza.

Taamuli yenyewe ina matawi mawili yanayosaidiana. La kwanza hutuliza: akili hupewa jambo moja la kushika, mara nyingi pumzi inavyoingia na kutoka, na kila inapotangatanga hurudishwa bila kukaripiwa. La pili hutazama: mtu huchunguza hisia, mawazo na maumivu yanavyotokea, yanavyokaa na yanavyopita, mpaka akaona mwenyewe kwamba hakuna hata moja linalodumu. Uwezo unaotumika katika matawi yote mawili huitwa sati, ambao ni uangalifu wa kujua kinachotokea wakati kinapotokea, na maelekezo ya kale yanautaka uangalifu huo wakati wa kutembea, kula, kuvaa na kunyamaza, si wakati wa kuketi peke yake. Manufaa yake kwa maisha ya kawaida yanaeleweka kirahisi ukifuatwa mwendo wa hasira. Neno la dharau linasikika, mwili unapata joto, kifua kinabana, kisha linakuja wazo la kulipiza, na ndipo mkono au ulimi unapofanya kazi. Kwa mtu asiyejizoeza, hatua hizo zote huonekana kuwa moja, ilhali aliyejizoeza anaweza kuliona joto la kifua mapema na kupata nafasi ndogo ya kuchagua kabla ya ulimi kutamka. Nafasi hiyo ndogo ndiyo matunda makubwa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyatarajia, na si haba hata kidogo, kwa kuwa ndoa nyingi na ubia mwingi huvunjika kwa kukosa sekunde hizo chache.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba taamuli kwa watu wa kawaida, wenye watoto na madeni, ni desturi changa katika umbo lake la sasa. Kwa karne nyingi zoezi hili lilikuwa mikononi mwa watawa, tena wachache kati yao, na waumini wengine walitosheka na kutoa sadaka, kushika maadili na kuheshimu mahekalu. Mabadiliko makubwa yalitokea Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar, baada ya Waingereza kuuangusha ufalme wake mwaka 1885. Mfalme alikuwa mlinzi wa dini, na kuondolewa kwake kulizusha hofu kwamba mafundisho yatapotea. Mtawa Ledi Sayadaw, aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1923, alijibu hofu hiyo kwa kuandika kwa lugha nyepesi na kuwafundisha watu wasio watawa mambo ambayo awali yalikuwa ya watawa. Mmoja wa wanafunzi wake, Saya Thetgyi, alikuwa mkulima, naye akamfundisha U Ba Khin, mtumishi wa serikali aliyepanda hadi kuwa mhasibu mkuu wa Burma huru na ambaye aliwafundisha taamuli wafanyakazi wa ofisi yake. Mwanafunzi wa U Ba Khin, mfanyabiashara S. N. Goenka, ndiye aliyeieneza duniani, kuanzia India mwaka 1969, kwa mafunzo ya siku kumi ya ukimya. Njia ambayo leo huuzwa kuwa hekima ya kale isiyobadilika ilipitia, kwa hiyo, mikononi mwa mkulima, mhasibu na mfanyabiashara, na ilizaliwa upya kutokana na msiba wa kutawaliwa.

Msomaji wa Bagamoyo anapaswa kusimama hapo, kwa kuwa miaka hiyo hiyo pwani yake nayo ilipitia mambo yanayofanana mno. Kampuni ya Wajerumani ilipochukua utawala wa mwambao mwaka 1888, vita vilizuka kuanzia Pangani hadi kusini, Bagamoyo ikapigwa, na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Katika mazingira hayo ya kushindwa, tarika za Kisufi, yaani njia za malezi ya kiroho ambazo mwanafunzi, yaani murid, huzifuata chini ya sheikh wake, zilienea kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847, mwaka mmoja tu baada ya Ledi Sayadaw, aliipeleka tarika ya Qadiriyya Zanzibar, na kutoka huko ikavuka hadi bara. Elimu ya dini, ambayo kwa muda mrefu iliwatambulisha wenye nasaba na uwezo, ilifunguliwa mlango mwingine: mtumwa, mgeni kutoka bara na mwanamke asiye na jina wangeweza kusimama katika duara la dhikri, kupewa uradi wa kusoma kila siku, na kuhesabiwa kuwa watu kamili mbele ya Mungu na mbele ya wenzao.

Hakuna anayeonyesha hilo vizuri kuliko Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya. Alitoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtoto aliyetekwa, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Mji huo ulikuwa kikomo cha njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na maelfu waliopita humo hawakuacha hata jina. Yeye alisoma, akawa mwalimu, akafungua madrasa, akapokea ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ya Qadiriyya, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa dini mwenye heshima kubwa kuliko wote mjini, wakiwemo watoto wa waliokuwa mabwana. Maulidi aliyoyasimamisha yaliendelea kuvuta watu kutoka sehemu nyingi za Tanganyika, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliyefariki mwaka 1985, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini waliokiunga mkono chama cha TANU kilichopigania uhuru. Utawala wa Kijerumani uliitazama dhikri kwa mashaka, hasa baada ya tukio la mwaka 1908, ambapo barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea pwani na kuwatia watu hamasa. Watawala hao walikosea katika mengi, lakini waliona sawa kwamba watu wanaokutana usiku kuitengeneza mioyo yao hawatawaliki kirahisi.

Kufanana kwa nyakati hakumaanishi kufanana kwa yaliyomo, na hapa pana kosa linalofanywa na wengi wenye nia njema. Dhikri ni kumtaja Mungu. Pumzi hutumika, na katika baadhi ya halaka, yaani duara za dhikri, sauti hutoka kifuani kwa mpigo mzito unaoungana na mwendo wa miili, lakini pumzi hiyo imebeba jina, na moyo unaelekezwa kwa Mwenye jina. Katika taamuli ya Kibuddha, pumzi haibebi jina la yeyote. Hutazamwa ilivyo, na Buddha hakuifundisha kuwa maombi. Zaidi ya hapo, mafundisho yake yanakana kuwapo kwa nafsi inayodumu, jambo ambalo Mwislamu na Mkristo hawawezi kulikubali bila kuacha imani juu ya roho na hesabu ya siku ya mwisho. Hata shanga zinazofanana hutumikia makusudi tofauti: tasbihi ya Mwislamu yenye punje 99 au 33, rozari ya Mkatoliki na shanga 108 za Mbuddha zote huutuliza mkono ili moyo ukusanyike, lakini zinaukusanya kuelekea pande tofauti. Kusema kwamba zote ni kitu kimoja ni kuwavunjia heshima wote watatu.

Palipo na ukaribu wa kweli ni katika uchunguzi wa nafsi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima kwa ajili ya murakaba, yaani kuuangalia moyo kwa kujua kwamba Mungu anauona, na muhasaba, yaani kuihesabu nafsi kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake kila jioni. Maelezo yake juu ya wazo linavyoingia moyoni, likageuka kuwa matamanio, likawa azma, kisha tendo, yangeweza kusomwa na mtawa wa Sri Lanka bila kuhitaji maelezo mengi. Tofauti ni kwamba wanachuoni wa Kibuddha waliyapanga mazoezi hayo hatua kwa hatua, kwa vipindi, kwa mikao na kwa maelekezo ya nini kifanyike akili inapochoka au inapochafuka, wakati katika misikiti na madrasa nyingi za pwani murakaba imebaki kuwa jina linalotajwa katika mawaidha kuliko zoezi linalofundishwa. Katika hilo, na pengine katika hilo tu, Ubuddha una kitu ambacho watu wa mwambao wanaweza kukiazima kwa faida: ufundi wa kufundisha uangalifu.

Kuazimana huko si jambo la ajabu katika Bahari ya Hindi. Huko Galle, kusini mwa Sri Lanka, lilipatikana mwaka 1911 jiwe lililoandikwa mwaka 1409 kwa amri ya msafara wa China wa Zheng He, ambaye mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu. Jiwe hilo linaorodhesha sadaka kwa Buddha kwa Kichina, kwa mungu wa Kihindu kwa Kitamil, na kwa Mwenyezi Mungu kwa Kiajemi. Meli za misafara ya baadaye ya Zheng He zilifika Malindi, na vyombo vya kauri vya China vilivyopatikana katika magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, vinashuhudia kwamba mwambao huu ulikuwa sehemu ya biashara hiyo. Kisa cha Ibrahim bin Adham, mtoto wa mfalme wa Balkh aliyeacha enzi na kwenda kutafuta ukweli, kinajulikana kote katika ulimwengu wa Kiislamu, na wanahistoria wametambua kwamba kinafuata kwa karibu maisha ya Buddha, kwa kuwa Balkh ulikuwa mji wa monasteri kubwa ya Kibuddha kabla ya Uislamu kufika. Karibu zaidi, Dar es Salaam ina hekalu la Kibuddha ambalo chimbuko lake ni Wasinhala wa Sri Lanka waliohamia mjini humo mwanzoni mwa karne ya 20, nalo hufundisha taamuli. Nchini Uganda, Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa Marekani mwaka 2002, alianzisha mwaka 2005 kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Wabuddha hawa wa Afrika Mashariki ni wachache, lakini uwepo wao unaondoa kisingizio kwamba mafundisho haya lazima yaletwe na mzungu.

Yakiingizwa katika siku ya kawaida, mazoezi haya yanahitaji muda na mahali ambapo mtu tayari yupo. Mvuvi anayesubiri mnada ufunguliwe, mama lishe kabla moto haujashika, dereva wa bodaboda aliye kijiweni bila abiria, wote wana vipindi vya kungoja ambavyo sasa humezwa na simu. Robo saa baada ya sala ya Alfajiri au baada ya misa ya asubuhi, mtu akiwa ameketi wima na kufuata pumzi zake, kisha akijiuliza ni kiu gani iliyomwamsha siku hiyo, inatosha kwa anayeanza. Wenye kipaji cha mwili wanaweza kupitia njia nyingine: wanafunzi wa ngoma katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wanajua vizuri kwamba mpiga ngoma akiwaza yajayo hukosa mapigo, na uangalifu huo walionao jukwaani unaweza kuhamishiwa kwenye kula, kusikiliza na kugombana. Zoezi linaloitwa metta, ambalo ni kuwatakia heri kwa utaratibu mtu mwenyewe, jamaa, jirani na hatimaye adui, nalo linafaa sana katika mitaa ambamo watu wa nyumba moja hukaa miaka wakinuniana kwa sababu ya kiwanja au urithi.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni pale utulivu unapofundishwa badala ya haki. Bagamoyo inajua hatari hiyo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipojenga misheni mwaka 1868 na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, waliwapa chakula, ufundi, sala na kengele iliyogawanya siku nzima. Walifanya wema ambao hakuna anayeweza kuukana, lakini nidhamu hiyo ilipangwa na wengine, na wapo waliokimbia kijiji cha Wakristo cha misheni hiyo kwa sababu maisha yao hayakuwa mikononi mwao. Leo mwenye mkopo wa riba kubwa, unaoitwa kausha damu, anaweza kuambiwa avute pumzi. Mkazi wa Mlingotini na vijiji jirani, ambaye kwa miaka mingi aliishi bila kujua hatima ya ardhi yake kwa sababu ya mradi wa bandari ya Bagamoyo uliokubaliwa mwaka 2013 na kukwama mwaka 2019, anaweza kuhubiriwa kwamba tatizo lake ni kushikilia. Mahubiri ya namna hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma. Buddha alizungumzia kiu ya moyo, na fidia halali au mkataba unaosomeka si kiu, ni haki. Kinachoweza kusemwa kwa ukweli ni kwamba mwananchi aliyetulia hudai vizuri zaidi: husoma karatasi kabla ya kutia saini, hakubali kuchochewa dhidi ya jirani yake, wala hachoki baada ya mkutano wa kwanza.

Kuhusu tiba, maneno machache yatatosha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliyatoa mazoezi ya uangalifu katika mavazi ya dini na kuyafanya mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, na utafiti uliofuata umeonyesha faida za wastani kwa wasiwasi na sonona. Mtu anayesikia sauti, anayetaka kujiua au anayesumbuliwa na kumbukumbu za ukatili aliofanyiwa anahitaji daktari, na kwa baadhi yao ukimya wa siku nyingi huweza kuzidisha madhara.

Viongozi wa dini wanaotahadhari nao wasikilizwe. Kanisa Katoliki, ambalo lilitamka kwa heshima juu ya Ubuddha katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, lilitoa pia mwaka 1989 barua iliyowaonya waumini wasichukulie utulivu wa mwili kuwa ndio sala. Miongoni mwa Waislamu wa pwani, wapo wanaoiona hata dhikri ya halaka kuwa uzushi, na hao hawawezi kutarajiwa kulipokea zoezi kutoka kwa watawa. Jibu la haki kwa wote ni uwazi: zoezi la kutuliza akili liitwe zoezi, asili yake itajwe, na lisipenyezwe katika ibada ya mtu kwa jina jingine.

Ubuddha, kwa muda huu, unabaki kwa sehemu kubwa nje ya maktaba ya Kiswahili, na wanaoujua kwa kusoma wanalazimika kupitia lugha za kigeni, wakati wenye kuzijua tarika kwa kuziishi hawaandiki. Masheikh wa Bagamoyo waliobaki na ijaza za wazee wao, makatekista, walimu wa saikolojia wa vyuo vya Dar es Salaam na watawa wa hekalu la jiji hilo wanapaswa kukaa pamoja na kuandika kitabu kimoja cha mazoezi kwa Kiswahili, kinachosema wazi kila zoezi limetoka wapi, linafaa wakati gani na nani asilifanye. Kazi hiyo haihitaji mfadhili mkubwa, na masheikh wanaoweza kuichangia wanazeeka.